Upanga Uliokunywa Samli

Ng'ombe wetu aliwahi kula kofia ya mchungaji. Naanzia hapo kwa sababu ndipo kichwa changu kinapoanzia kila nikisikia harufu ya samli iliyochacha, na juzi niliisikia, binti wa jirani akimpaka bibi yake miguu, nikakaa chini palepale barazani kwao mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Kofia yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kitambaa kigumu, yenye utepe. Mchungaji alikuja kumwombea Babu aliyekuwa na homa. Nyumba ya Babu ilikuwa ile ya msonge, majani mpaka chini, moto katikati, watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, usiku unalala ukisikia anavyocheua. Wa umri wangu mnaijua. Mchungaji akaingia kwa kuinama, akavua kofia, akatafuta pa kuitundika. Kigingi kilikuwepo, kizuri kabisa, juu ya kitanda cha Babu. Alipopeleka mkono, Babu ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kumeza uji akainuka akakaa. Akasema hapo hapana, baba mchungaji, popote lakini si hapo. Basi kofia ikawekwa juu ya mti wa zizi, pembeni ya Bahati, ndilo jina la ng'ombe, watu wakafumba macho.

Mimi sikufumba. Nilimwona Bahati akinyoosha shingo, akainusa kofia, akaanza nayo taratibu kwa ukingo kama anavyoanza jani la mgomba. Nilinyamaza, kwa kuwa nilifundishwa kwamba mtoto hakatizi sala. Sala ilikuwa ndefu. Walipofumbua macho ulikuwa umebaki utepe, unaning'inia mdomoni.

"Amina," akasema Bibi, akaenda kuuvuta.

Mchungaji alikuwa mtu wa Mungu kweli, alicheka mpaka akashika ubavu. Alirudi kwake kichwa wazi mvuani. Lakini mimi nilibaki na swali ambalo lilinisumbua kuliko kofia. Kile kigingi cha Babu kilikuwa cha kitu kimoja tu: upanga. Kwa nini upanga ukatazwe jirani, hata kofia ya mtu wa Mungu?

Sisi ni watu wa Mangi. Sisemi mangi wa siku hizi, maana siku hizi ukiingia duka lolote Dar es Salaam kununua kiberiti, muuzaji unamwita mangi na anaitika. Nasema Mangi mwenyewe, wa kukaa kwenye kigoda watu wakingoja uani. Serikali ilipoondoa umangi, kwetu kilibaki kihamba, yaani shamba la ukoo, na migomba yake, kahawa kidogo, jina, na huo upanga. Ulikuwa wa babu yake Babu. Mpini wa pembe, umezungushiwa ngozi. Ala ndefu, ya ngozi iliyokuwa nyekundu ikawa nyeusi kwa moshi. Ukiwekwa wima ulinizidi kimo, na watu walisema uliwahi kwenda vitani na kurudi bila kuinama. Mimi nilidhani upanga unaweza kuinama, kama mtu anayepita mlangoni.

Krismasi, watu wakipanda kutoka mjini kuja nyumbani kama tunavyofanya Wachagga wote mpaka leo, Babu aliutoa kigingini. Alitandika jani la mgomba, akauweka, akaupaka samli ala yote kwa kiganja. Akifika pale mdomoni, ala inapokutana na mpini, alikaa. Anatia samli, anasukuma kwa kidole gumba, inapotea ndani, anatia nyingine. Nikaamini upanga unakunywa. Nikaamini ndiyo sababu haukufa wakati wenyewe wote walikufa. Kisha kila mwanaume wa ukoo, kuanzia mkubwa, aliushika kwa mikono miwili na kutaja jina la baba yake kwa sauti, basi. Ulikuwa hauchomolewi. Babu alisema ukitoka haurudi mikono mitupu, na hakuna aliyetaka kujua maana yake. Bibi wakati huo alikuwa hayupo. Kila mwaka, upanga ukishushwa tu, yeye alikumbuka majani ya ng'ombe akatoka. Nilifikiri anauogopa.

Nina mjukuu, Godlisten, anapandisha watalii mlimani, akiwa likizo anakaa na simu. Juzi juzi alinionyesha sinema ya kizungu, nyumba ya kifalme, upanga unatoka kwa baba kwenda kwa mwana, unavunjika, unafuliwa tena, mwisho unamfikia mwenye damu yake na watu wote wanapiga magoti. Akaniuliza, Bibi, si nyie mlikuwa na upanga? Nikamwambia tulikuwa nao. Akauliza ulimfikia mwenye damu yake? Nikamwambia zima hiyo kitu uninunulie chumvi. Jibu lake ni refu. Ndiyo naandika, na mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la pili, mtanivumilia.

Babu na Bibi walikuwa na watoto wawili tu. Wa kwanza Baba Mkubwa, halafu miaka mingi ya kungoja, halafu baba yangu, kitinda mimba. Baba alikuwa mfupi, mnyamavu, wa migomba na mfongo, yaani ule mfereji wetu wa maji. Baba Mkubwa alikuwa mrefu, karani wa Moshi mjini, suruali imenyooka. Sitaki mmchukie mapema. Jumamosi alipopanda alituletea mkate na sukari, na mimi alinibeba mabegani kuvuka mfongo ingawa sikuwa na viatu vya kulowana. Bibi alimwekea nyama yake pembeni, ile laini, hata sisi tuliokaa naye wiki nzima hatukuionja. Nilidhani ni kwa sababu ya suruali.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kujivunia damu. Alijua mababu kwa mpangilio kama watu wanavyojua vitabu vya Biblia. Na katika watu wote aliowaweka chini yetu, hakuna aliowaweka chini zaidi ya wahunzi. Hilo hakulianzisha yeye. Zamani huku kwetu mhunzi aliogopwa. Ulinunua jembe lake lakini hukuoa kwake, na wengine hata hawakupokea kitu mkononi mwake, aliweka chini ndipo wakaokota. Ujinga, najua. Lakini wakati watu wengine walianza kuusahau, Baba Mkubwa aliutunza.

Siku moja tulishuka sokoni pale Mkuu, mimi, Bibi na yeye. Mhunzi wa ng'ambo ya korongo alikuwa amepanga miundu na majembe yake juu ya gunia. Mtu mrefu, mikono imeungua ungua. Alisimama, akamwamkia Bibi shikamoo kwa heshima mpaka nikashangaa, Bibi akaitikia akitazama pembeni. Kisha akampa Baba Mkubwa mkono. Baba Mkubwa akaingiza wake mfukoni.

"Mangi ana baridi leo," mhunzi akasema, akacheka, akarudi kukaa.

Mimi nilikuwa natazama masikio yake. Yalikuwa yamesimama, na la kushoto limejikunja juu kama jani lililopigwa jua. Nikasema, kwa sauti ya mtoto anayetaka kusifiwa kwa kuona vizuri, kwamba Baba Mkubwa, huyu ana masikio yako. Bibi alinifinya paja, nikawa na alama mpaka Jumapili. Nilielewa kwamba nimetukana, kumfananisha mtu wa Mangi na mhunzi. Njia nzima kurudi Bibi alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa nilivyokuwa.

Halafu Babu akafa. Alikufa mchana, wakati wa kuvuna maharage, akiwa ameketi. Alizikwa kihambani, chini ya migomba, mchungaji akiwa na kofia nyingine. Na kabla udongo haujakauka, nyumba ikaanza kubadilika.

Kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mtoto wa kwanza hupewa kihamba chake mapema, na Baba Mkubwa alikuwa na chake, juu kidogo, amekiachia nyasi. Lakini aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mila hiyo ni ya watu wote, na sisi si watu wote. Sisi tuna upanga. Upanga ni wa mkubwa, na upanga haujawahi kulala nje ya nyumba ile, kwa hiyo mwenye upanga ndiye mwenye nyumba. Mdogo wake atapewa shamba la tambarare. Wazee walikuna vichwa. Maneno yalikuwa na mguu wa kusimamia.

Tambarare ninyi mnaipita na gari, mnaona pazuri. Wakati ule mahindi ya huko yalikauka kabla ya kutoa ndevu, na maji yalifuatwa kwa nusu siku. Mama alianza kufunga sufuria kwenye kanga bila kuambiwa. Baba alienda kukaa mfongoni. Mimi nilimwomba upanga. Kweli kabisa, nilisimama chini ya kigingi nikauambia kwamba sisi ndio tuliokupa samli yetu, ukikubali kushikwa na Baba Mkubwa tutakwenda kufa kwa kiu. Nilikuwa na hakika unasikia.

Siku ya kumaliza matanga, watu wameshanyolewa, mbege imeshanywewa kiasi cha kulegeza ndimi, wazee waliingia msongeni. Mkubwa wao alikuwa mdogo wake Babu, tulimwita Babu Mdogo. Akasema ukoo hauwezi kukaa bila kichwa. Baba Mkubwa akasema yuko tayari, na hatataka kuushika tu kama siku za Krismasi. Atauchomoa. Kichwa kipya lazima kiuone upanga ukiwa uchi, ndipo atataja jina la baba yake na neno lake litafuatwa, la nyumba na la shamba.

Hapo Bibi alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliyekuwa anatoka kila mwaka, safari hii aliingia. Akapiga goti mbele ya mwanawe.

"Uchukue hivyo hivyo," akamwambia. "Na nyumba chukua. Mimi nitaenda tambarare na mdogo wako. Usiuchomoe tu."

Mama aliguna. Baba alitazama chini. Mimi nilishangaa kwa uchungu, nikafikiri Bibi ametuuza. Baba Mkubwa alimwinua kwa upole, akamketisha kwenye kigoda, akamwambia, mama usiogope, hautakuuma.

Aliutoa kigingini. Akashika mpini kwa kulia, ala kwa kushoto, akavuta. Haukutoka. Samli ya miaka yote ile ilikuwa imeganda pale mdomoni kama gundi. Mzee mmoja akakohoa. Baba Mkubwa akapanua miguu, akavuta kwa nguvu ya mtu anayejua upanga ni mrefu, mkono ukaenda mbali nyuma yake, karibu aanguke. Kwa sababu hakukuwa na urefu. Ulitoka kwa sauti ya mguu unaotoka kwenye tope, na kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kifupi kama kisu cha kumenyea ndizi. Haukuvunjika. Mwisho wake ulikuwa umekatwa, moja kwa moja, kama mtu anavyokata mche wa sabuni.

  Bahati alikuwa anatafuna, tulimsikia. Babu Mdogo aliichukua ala akaigeuza juu chini, akaitikisa. Ikatoka samli, ya kijani, iliyooza, ikamwagika miguuni pake kidogo kidogo, harufu ikajaa nyumba. Haikutoka kingine. Watu wazima, wenye mvi, walikuwa wametaja majina ya baba zao mbele ya ngozi tupu tangu baba yangu hajazaliwa. Mimi niliwaza kwamba upanga umeyeyuka kwa kunywa.

Baba Mkubwa alimgeukia baba yangu. Akauliza kwa sauti ndogo, nani amekaa na upanga huu miaka yote wakati mimi niko mjini. Baba, ambaye maneno humtoka kwa shida hata kwenye furaha, akasema, "Kaka, mpini huo sijawahi kuugusa isipokuwa Krismasi." Akaambiwa mwizi ndivyo anavyosema.

Baba Mkubwa akaagiza chungu.

Watoto wa leo hamjui chungu ni nini. Tulikuwa Walutheri, tumebatizwa wote, na mchungaji aliyetoka kutuombea alikuwa hajafika hata kwake. Lakini kila mtu mle ndani alijua kwamba mtu akisimama na chungu juu ya jiwe, akamlaani mwizi, akakivunja, mwizi atakufa, na baada yake nyumba yake, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Mdogo nilikuwa mimi. Mama alinivuta akanibana katikati ya magoti yake, kiganja juu ya utosi wangu uliotoka kunyolewa. Baba hakukimbia wala hakuomba. Alisema tu, vunja.

Chungu kikaletwa, kile cheusi cha kuchemshia mbege. Baba Mkubwa akampa Babu Mdogo kile kipande cha upanga, akakinyanyua chungu juu ya mafiga.

"Aliyeukata upanga wa baba zangu," akaanza, "na aliyekatiwa, na aliyekula matunda yake, yeye na—"

"Weka chini," akasema Bibi.

"Mama, haya ni ya wanaume."

"Ya wanaume yalikuwa kuukata. Kukulea yalikuwa yangu. Weka chini chungu, mwanangu, unajilaani mwenyewe."

Hakukiweka. Lakini hakukivunja. Bibi akainuka, akaenda upande wa ng'ombe, akarudi na mundu. Mundu wetu, ule wa majani, wenye mpini wa mti wa kahawa, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimekata nao majani tangu nijue kushika kitu na alama yake iko kwenye kidole changu cha shahada mpaka leo. Akakiomba kile kipande cha upanga mkononi mwa Babu Mdogo, akaviweka sakafuni juu ya jani, kimoja mbele ya kingine. Katikati ya kipande cha upanga palikuwa na mistari miwili myembamba, imechongwa kwenye chuma. Ilifika pale kilipokatwa ikaishia. Kwenye mundu, karibu na mpini, kabla chuma hakijaanza kupinda, palikuwa na mistari miwili myembamba. Nilikuwa nimeiona kila siku. Nilidhani miundu yote inayo.

Bibi aliongea amesimama. Hakulia, na wala hakuharakisha. Alisema alikaa kwa Babu miaka bila mtoto, na ndugu walishaanza kumtafutia Babu mke mwingine. Ndipo mke wa mhunzi wa ng'ambo wa wakati ule akajifungua mapacha. Mapacha zamani walikuwa mkosi, mmoja hakuachwa hai. Mhunzi alikuja kwa Babu kupitia migombani, mtoto amemficha kwenye kikapu cha makaa, akasema siwezi kumwua na siwezi kumlea. Wewe ni Mangi, hakuna atakayekuuliza.

Na hakuna aliyeuliza. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi, analishwa, hatoki, haonekani. Bibi akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mtoto mnene mgongoni, ukoo ukapiga vigelegele.

Lakini mhunzi alikuwa na mwiko wake. Kitu hakitoki kwenye kiwanda cha mhunzi bila chuma kuingia. Ukitaka jembe unaleta chuma. Alisema mwanawe hamwuzi, hataki mbuzi wala shamba, ila akitoka bila chuma kuingia, moto wake utakufa na yule pacha aliyebaki atakufa nao. Babu akatazama nyumba yake. Chuma kilichokuwemo kilikuwa kimoja.

"Alimpa wote," Bibi akasema. "Mhunzi akaukata. Akasema sichukui wote, huyu mtoto atakua, atataka kurithi. Akarudisha kipande kwenye ala. Sehemu iliyobaki akaitengeneza mundu, akanitumia, akasema mama yake amkatie ng'ombe majani, mtoto apate maziwa. Hakubakiza hata msumari." Akashika kifundo cha mkono wa Baba Mkubwa, ule ulioshika chungu. "Huo upanga uliolala hapo chini ni wako. Uliachwa kwa ajili yako. Hakuna mtu katika ukoo huu aliyenunuliwa ghali kama wewe. Nilikwambia usiuchomoe."

Sasa ninyi mnaosoma mnaweza kusema yale ni maneno ya kumfanya mtu alie kwa furaha. Mimi nimeyageuza miaka yote hii na nayaona hivyo. Hakuna upanga wa sinema uliofanya kazi kama ule. Lakini mle ndani sikuona furaha. Niliona wazee wakitazama masikio yake. Wote kwa pamoja, kama mtu amewaelekeza. Na yeye aliwaona wakiyatazama.

Aliuliza swali moja tu. "Yule wa sokoni?"

"Ndugu yako," Bibi akasema. "Wewe ulitangulia kutoka."

Akatazama mkono wake wa kulia, kiganja na nyuma yake, mkono aliouingiza mfukoni. Kisha akakiweka chungu chini, taratibu, kama kina mayai. Akaokota kile kipande cha upanga, akakishika kwa mikono miwili kama Krismasi. Midomo yake ikaanza kwenda. Tulingoja ataje. Babu Mdogo hata aliinamisha kichwa kupokea jina. Midomo ikafunga. Akakirudisha kipande kwenye ala, akautundika upanga kigingini yeye mwenyewe, akaunyoosha usikae upande. Akamwambia baba yangu kwamba ng'ombe hajapewa maji. Akachukua kofia yake, akainama mlangoni, akatoka.

Niseme hili hapa ili nisirudi nyuma tena. Sufuria za Mama zilifunguliwa, tulibaki kwenye nyumba ile, nimeolewa nikitokea pale. Babu Mdogo aliwaambia wazee kwamba Mangi alikubali yule amtaje kuwa baba yake mbele ya upanga miaka yote, na neno la Mangi halifukuliwi, kwa hiyo ni mkubwa wetu na mahali pake pako. Walikubali wote. Hakuwepo kulisikia. Watu walisema wamemwona Holili, anapakia magunia. Wengine Bomang'ombe. Baba alikwenda kote huko, akarudi na vumbi. Jumamosi Bibi aliweka ile nyama laini pembeni, ikikauka anampa paka, mpaka alipokufa. Upanga mchwa walikula ala yake, chuma sijui kiko kwa nani. Mundu ninao mimi. Umeisha kwa kunolewa, umebaki mwembamba kama jani, na ile mistari siku hizi naitafuta kwa kidole kwa sababu macho hayaioni.

Siku ile Baba Mkubwa alipotoka nilichoropoka magotini mwa Mama, nikamfuata. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyeona masikio kwanza. Alipita kaburi la Babu bila kusimama. Alivuka mfongo, safari hii bila kumbeba mtu, maji yakaingia kwenye viatu vyake vya mjini, hakuvikung'uta. Pale njia inapogawanyika alisimama. Ya kushoto inashuka korongoni na kupanda kwa wahunzi. Ya kulia inakwenda barabarani, kwenye gari za Moshi. Kulikuwa na utulivu wa mchana, na kutoka ng'ambo nyundo ilikuwa inasikika, mtu anafanya kazi yake, hajui kitu. Baba Mkubwa aliinua uso. Nyundo iligonga, ikanyamaza kidogo, ikagonga. Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeitwa jina.

Kisha akavaa kofia akaivuta chini mpaka ikafunika masikio, akashika njia ya kulia, akaenda.